Kivuli Chini ya Skrini

Tuseme ukweli mapema, maana mwenyewe alichukua siku kumi na moja kuufikia. Kadi ya kompyuta haikuwa na kosa. Draiva haikuwa na kosa. Waya, skrini, umeme, vyote vilikuwa vizima. Kilichokuwa kinaharibika ni jicho la kushoto la fundi, na hilo ndilo jicho pekee alilokuwa nalo.

La kulia lilikwenda akiwa na miaka sita. Ndiyo maana kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa Linux, mfumo wa kompyuta unaotolewa bure, alijiita Chongo, kwa ule utani wa mtu anayejitania kabla hajataniwa. Wenzake wa jukwaani walilizoea jina, wala hawakujua kama ni la kweli. Nyumbani halikutamkwa hata mara moja. Aliishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani, katika nyumba waliyoachiwa na mama yao: yeye na kompyuta zake chumba cha mbele, dada na cherehani yake chumba cha pili, na mlango wa katikati uliokaa wazi kutwa. Kupitia mlango ule waliongea kila kitu. Waliongea wateja, maji kukatika, majirani, na mambo ya watu yasiyowahusu ndewe wala sikio. Jicho hawakuliongea.

Aliyelitoa lile la kwanza ni dada. Alikuwa na miaka tisa, akajitengenezea manati, akalenga kopo juu ya ukuta, na mdogo wake akainua kichwa upande wa pili kuchungulia kama kopo limeanguka. Mama aliwaambia majirani kwamba mtoto ameangukia kijiti. Kisha akawakalisha wote wawili kitandani akasema, "Jambo hili limekwisha. Katika nyumba hii sitaki kulisikia tena." Mama alikwisha kufa, lakini amri yake ilibaki pale pale, na watu wazima wawili wenye mvi kichwani waliitii kana kwamba ilitolewa jana.

Kazi yake ndiyo iliyomponza, kwa hiyo lazima tuieleze. Kuna aina moja ya kadi ya picha, ya bei nafuu, iliyojaa kwenye kompyuta za mitumba: za shule, za maduka ya kuchapa barua, za ofisi ndogo ndogo. Kampuni iliyoitengeneza ilitangaza miaka mitatu nyuma kwamba haitaihudumia tena. Kwa watu wa Linux hilo lilikuwa pigo. Draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kadi, lazima iende sambamba na kiini cha mfumo mzima; kiini kikibadilika na draiva ikabaki nyuma, mtu anawasha kompyuta asubuhi anakuta skrini nyeusi tii. Basi kila kiini kilipobadilika, Chongo aliketi, akaifungua ile draiva ya zamani, akaikata hapa, akaiunga pale, mpaka ikakubali, kisha akaiweka jukwaani watu waichukue bure. Watu mia tatu na ushei walimtegemea. Malipo yake yalikuwa neno asante, na lawama zilizozidi asante.

Lakini aliipenda kazi ile, tusimwonee. Ilikuwa kazi ya kusoma herufi ndogo ndogo, maelfu ya mistari, kutafuta palipokosewa alama moja. Jicho lake moja lilikuwa kali kuliko macho mawili ya wengi. Hata sindano za dada alizitunga uzi yeye, mara ya kwanza tu, na kumrudishia kwa madaha. Bila jicho hilo hakukuwa na ufundi, hakukuwa na jukwaa, wala hakukuwa na riziki. Alijua hivyo, naye hakupenda kulifikiria.

Jumapili moja alitoa kiraka kipya, yaani marekebisho mapya ya draiva. Jumatatu asubuhi, chai mkononi, akaona mmweko mdogo mweupe ukingoni mwa skrini. Ukaja, ukapotea. Ukaja mwingine. Halafu vidoa vyeusi, vidogo kama punje za pilipili manga, vikaelea juu ya maandishi na kushuka taratibu.

"Nimeharibu," akasema kwa sauti.

"Umeharibu nini tena?" dada akauliza kutoka chumba cha pili.

"Draiva ya jana. Inatoa cheche."

"Cheche za moto?"

"Za picha, dada. Za picha."

"Afadhali," dada akasema, akaendelea kukanyaga cherehani yake.

Mtu mwingine yeyote angelipikicha jicho. Angekwenda dirishani, akatazama nje, akaona vidoa vile vile vinaelea juu ya paa la jirani, na pengine siku hiyo hiyo angekuwa kwa daktari. Huyu alifungua ripoti. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa ameona cheche kwenye skrini za kila namna, na kila mara mkosaji alikuwa draiva, kwa hiyo hata hakujiuliza. Akaandika jukwaani, akijishitaki mwenyewe: "Cheche ukingoni na vidoa vinavyoelea baada ya kiraka cha Jumapili. Msikiweke kwanza. Nachunguza." Ilikuwa ripoti safi, fupi, ya kiungwana.

Jumatano kikaja kivuli.

Watu wa draiva wana picha yao ya majaribio: nyeupe tupu, na msalaba mwembamba mweusi katikati kabisa. Unaukazia jicho msalaba bila kuhama, unaziacha kingo zijieleze zenyewe. Akaukazia. Chini ya skrini, mahali panapokaa saa na vitufe, palikuwa na kiza. Si kiza cheusi; cha kijivu, na ukingo wake ulitikisika kidogo. Akiwa bado ameukodolea msalaba, akasogeza kialama cha panya kikapanda taratibu kutoka chini mpaka kikachomoza juu ya kiza. Akasoma namba. Mistari themanini ya nukta kutoka chini. Skrini yake ilikuwa na mistari elfu moja na themanini kwa jumla, na msalaba ulikaa kwenye wa mia tano na arobaini. Akaandika kwenye ripoti: "Jumatano, 80."

Akapiga picha ya skrini kwa kitufe cha kompyuta, akaituma jukwaani. Watu wakajibu kwa haraka. Mbona safi? Chongo, kivuli kiko wapi? Hapa ni peupe pepepe.

Akawaeleza kwa subira kwamba picha ya namna ile huchukuliwa ndani ya kompyuta, kabla haijapita kwenye kadi na waya kwenda kwenye skrini. Kwa hiyo hitilafu iko mbele ya hapo, njiani. Alikuwa sahihi kabisa, na haikumsaidia kitu. Hitilafu ilikuwa mbele ya hapo kweli. Ilikuwa mbele ya waya, mbele ya skrini, mbele ya kila alichokuwa tayari kukikagua.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo lingemzindua mtu yeyote asiye fundi. Kila alipoteremsha jicho akitazame kivuli chenyewe, kilikimbia. Aliona saa, aliona vitufe, vyote vimetulia. Akirudi kwenye msalaba, kivuli nacho kimerudi. Lo, akacheka peke yake! Maana watengeneza programu wote wanazijua hitilafu za namna hiyo, zenye haya, zinazojificha ukizitafuta na kujitokeza ukigeuka. Wanazisimulia kama wawindaji wanavyosimulia wanyama. Akaandika: "Hukimbia kikitazamwa. Bila shaka skrini hujichora upya panya anapobofywa pale chini." Maelezo hayo yalipendwa na watu kumi na wanane.

Alhamisi akaandika, "130."

Siku hiyo hiyo ukaja ujumbe uliomfunga kamba miguuni. Ulitoka kwa mtu aliyejiita Mwalimu, ambaye kweli alikuwa mwalimu, msimamizi wa chumba cha kompyuta katika shule moja, na kompyuta zake ishirini zote zilikuwa na kadi ile. "Hata mimi, Chongo! Ya tatu inatoa cheche pembeni tangu juzi. Nilikwisha weka kiraka chako zote. Wanafunzi wana mtihani wa vitendo wiki ijayo. Tuokoe ndugu yangu."

Kila jukwaa lina watu wa hata mimi. Mtu akisema skrini yake imekohoa, watano watasema zao zina pumu. Chongo alilijua hilo kuliko yeyote, na siku nyingine angeomba ushahidi kwanza. Lakini moyo ulimdunda. Ishirini! Aliwaona watoto wamekaa mbele ya skrini zilizoharibiwa na mkono wake. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomnyima mtu hamu ya kula. Kuanzia hapo hakuwa tena anatafuta hitilafu ya kwake; alikuwa anatafuta ya Mwalimu. Akarudisha kiini cha zamani, akajaribu. Akabadilisha waya. Akaazima skrini kwa mwenye duka la kuchapa barua mtaa wa pili. Akaisafisha kadi kwa brashi ya meno, akaipuliza, akaichomeka upya.

Jumamosi, 240.

Dada alikuwa anaona. Tangu Alhamisi alikuwa anaona, na hilo ndilo linalouma zaidi katika habari hii. Aliona mdogo wake anajikwaa kwenye kidaraja cha mlango wa nyuma, kidaraja alichokipanda miaka arobaini. "Kimelika hiki," mdogo wake akasema, akakipiga teke. Hakikuwa kimelika. Aliona anamimina chai, nusu kikombeni, nusu mezani, akitazama mbele tu. Jumamosi jioni alimpelekea sindano kama siku zote. Mdogo wake akaichukua, akauelekeza uzi, ukapita pembeni. Mara ya pili ukapita pembeni. Mara ya nne akaiweka mezani.

"Uzi wako huu wa siku hizi mbovu, dada. Unafumuka."

"Eti eh," dada akasema. "Nitanunua mwingine."

Akarudi chumbani kwake, akakaa mbele ya cherehani bila kushona. Alitaka kumwita. Neno lilimfika mdomoni, akalisikia la mama: katika nyumba hii sitaki kulisikia tena. Na chini ya hilo kulikuwa na lake mwenyewe, baya zaidi. Yeye, kati ya watu wote wa dunia hii, ataanzaje kumuuliza mdogo wake habari ya jicho? Akautunga uzi mwenyewe, akapata baada ya kuulamba mara tatu.

Jumatatu, 350. Jukwaani ripoti ilikuwa imeshakuwa ndefu kama shuka, na Chongo alikuwa ameanza kuchora jedwali la namba zake. Zilipanda vizuri, kwa mwendo wa kueleweka, hamsini au hamsini na ushei kwa siku. Jambo hilo lilimpa matumaini, maskini. Alisema hitilafu yenye mpangilio ni hitilafu yenye chanzo, na chanzo kitapatikana tu.

Jumanne, 400, na Mwalimu akaandika tena.

"Chongo, samahani sana kaka. Ile kompyuta ya tatu ilikuwa kebo imelegea nyuma. Nimeikaza, imetulia. Zote ishirini ziko sawa na kiraka chako. Wewe ndiye mkombozi wetu. Kumbe unaendelea kuhangaika kwa ajili yangu? Pole."

Aliusoma ujumbe ule mara mbili. Ilimbidi ainamishe kichwa na kuinua kidevu ili maneno ya chini yajitokeze. Siku tano zilikuwa zimekwenda kwa kebo moja iliyolegea katika shule asiyoijua. Hakukasirika, alifurahi kwamba watoto wamepona. Kisha baridi ikampita mgongoni, baridi asiyoweza kuieleza, kwa sababu sasa katika watu mia tatu na ushei alikuwa amebaki peke yake na kivuli chake.

Hapo alikuwa karibu sana. Angesimama pale dakika moja zaidi angeufikia ukweli, na tungekuwa na habari nyingine ya kusimulia. Badala yake, Jumatano asubuhi, alikwenda kabatini akatoa kompyuta ya mkononi ya zamani, yenye kadi ya kampuni nyingine kabisa na draiva nyingine kabisa. Akaiwasha. Akaiwekea msalaba. Kivuli hiki hapa.

Mtu mwenye akili zake angeogopa. Yeye alipiga meza kwa furaha.

"Dada! Si draiva yangu!"

Cherehani ikanyamaza. "Si draiva yako?"

"Si yangu! Kipo hata kwenye hii. Kadi mbili, kampuni mbili, kivuli kimoja. Unajua maana yake nini?"

Dada alikuwa amesimama mlangoni, amejishika shingo. "Maana yake nini?"

"Kiini chenyewe! Kiini cha Linux kina hitilafu, na hakuna aliyeiona dunia nzima ila mimi."

Dada akamtazama. "Hongera," akasema, akarudi ndani, akajifunika uso kwa kitambaa alichokuwa anashona ili asisikike. Mdogo wake alikuwa ameshaanza kuwaandikia barua ndefu wakubwa wanaosimamia kiini, akiandika kwa kukumbuka vitufe, maana mikono yake alikuwa haioni tena. Kwenye ripoti akaweka, "Jumatano, 460."

Alhamisi saa moja asubuhi alipima. Akaandika 520. Akainuka kwenda kuongeza chai, akarudi, na dada, aliyekuwa mlangoni na futi ya kupimia nguo shingoni, akamwona anakipapasa kiti kwa mkono kama kipofu kabla hajakaa.

"Zima," dada akasema.

"Nini?"

"Hiyo kompyuta. Zima."

"Dada, nipo katikati ya barua, ngoja kidogo..."

Hakungoja. Akaingia, akanyoosha mkono, akakibonyeza kitufe cha skrini. Skrini ikafa. Mdogo wake akageuka kumfokea, lakini dada alikuwa amemshika kidevu, kama anavyoshikwa mtoto anayefutwa mafua, akamgeuzia uso kwenye ukuta wa pili, ule mweupe wenye msumari mmoja uliobaki baada ya kalenda kutolewa.

"Tazama msumari ule. Usihame."

"Wa nini?"

"Tazama, mdogo wangu. Nakuomba."

Akautazama. Msumari aliuona vizuri, hata kutu yake aliiona. Chini yake, kidogo tu chini yake, ukuta uliishia. Palikuwa na kijivu kile kile, ukingo ule ule unaotikisika, umekata chumba katikati, meza haipo, sakafu haipo, miguu ya dada yake haipo.

Ukuta hauna kadi. Hauna waya, hauna kiini. Alikaa akiutazama, na jedwali lake lote la namba likamgeukia ndani ya kichwa, themanini, mia na thelathini, mia mbili na arobaini, akaelewa zile namba zilikuwa zinahesabu nini. Aliogopa, tena kwa woga wa kitoto, wa kutaka kujificha chini ya kitanda.

"Tangu lini unajua?" akauliza.

"Tangu sindano. Kabla ya sindano." Dada alikuwa analia bila kujifuta. "La kwanza nililitoa mimi. Unajua, najua, mama alijua. Siku zote hizi nakuona unapapasa na nimenyamaza, nasema mama alikataza, nasema nina uso gani wa kukuuliza. Basi mama anisamehe huko aliko. La pili haliondoki nikiwa nimenyamaza. Simama twende."

Akasimama. Kisha, na hapa mtu unatamani kumtingisha mabega, akakaa tena.

"Niwashie skrini."

"Unasemaje?"

"Dakika mbili, dada. Nimewaambia watu mia tatu wasiweke kiraka. Wamebaki na cha zamani, na cha zamani kitawaachia skrini nyeusi wakisasisha. Ni kosa langu."

"Mwendawazimu wewe! Jicho linakufa!"

"Dakika mbili."

Akaandika kwa kidevu kilichoinuliwa juu, dada amesimama nyuma yake anahema kwa hasira: "Kiraka cha Jumapili ni kizima. Kitumieni. Hitilafu haiko kwenye draiva wala kwenye kiini, iko kwenye jicho langu. Naifunga ripoti. Samahanini kwa usumbufu." Zilikuwa dakika saba.

Kliniki ya macho ilikuwa na benchi refu lililojaa watu na kadi zao za namba. Dada hakuchukua namba. Alimshika mkono mdogo wake mpaka dirishani akamwambia muuguzi, "Huyu ana jicho moja tu, na linaondoka sasa hivi tukiongea." Hakuna mtu wa benchi aliyelalamika. Wakapitishwa.

Daktari wa macho alikuwa mama mfupi, sauti ya chini. Alimtia dawa ya matone, akasubiri, akamwangalia kwa taa ya kichwani muda mrefu, akimwambia tazama juu, tazama chini, tazama sikio langu. Alipomaliza alivuta kiti karibu.

"Kaka, ndani ya jicho, kwa nyuma, kuna utando mwembamba unaopokea picha. Wako umechanika, na unabanduka kama rangi inavyobanduka ukutani. Umeanza kubanduka juu, ndiyo maana kivuli unakiona chini."

"Kwa hiyo picha inaingia," fundi akasema polepole, "ila haipokelewi."

"Ndivyo."

Akaitikia kwa kichwa. Kwa siku kumi na moja hakuna aliyemweleza hitilafu ile kwa maneno anayoyajua.

"Sehemu ya katikati ndiyo ya kusomea," daktari akaendelea. "Ya kwako bado imeshika, kwa tabu. Tukiwahi kuurudisha utando huku katikati imeshika, tuna tumaini la kukuachia uwezo wa kusoma. Katikati ikibanduka kwanza, hata tukiurudisha, huenda ukabaki na mwanga, na maumbo ya watu. Herufi sikuahidi." Akachukua kalamu. "Ilianza lini? Jaribu kukumbuka."

Hakuwa na haja ya kujaribu. "Jumatatu ya wiki iliyopita, cheche na vidoa. Jumatano, mistari themanini kutoka chini. Alhamisi mia na thelathini. Jumamosi mia mbili na arobaini. Jumatatu mia tatu na hamsini. Jumanne mia nne. Jana mia nne na sitini."

Daktari alikuwa ameacha kuandika. "Nani alipima?"

"Mimi."

"Ulikuwa unapima kila siku?"

"Nilidhani napima draiva."

Daktari hakujua draiva ni kitu gani, wala hakuuliza. "Na leo?"

"Saa moja asubuhi, mia tano na ishirini. Katikati kabisa ni mia tano na arobaini."

"Na sasa hivi inapanda mingapi kwa siku?"

"Sitini."

Dada hakujua lolote la kompyuta, lakini maisha yake yote alikuwa amegawanya vitambaa, na aliimaliza hesabu kabla ya daktari. Imebaki ishirini kati ya sitini. Theluthi ya siku, kuanzia saa moja asubuhi. Saa tisa alasiri.

"Mpasuaji wa utando anatoka mji mwingine," daktari akasema. "Nitampigia simu sasa. Barabara ikiwa nzuri, atafika kesho alfajiri, na wewe utakuwa wa kwanza. Mpaka hapo utalala chali, bila mto, bila kuinua kichwa hata kwa kunywa maji. Ukilala hivyo, pengine mwendo utapungua." Akainuka. "Pengine," akarudia, akimtazama dada.

Wakampa kitanda karibu na dirisha. Akalala chali, mikono kifuani, akitazama dari, na dada akaketi kwenye kigoda ubavuni mwake, akiwa ameipa mgongo saa ya ukutani ili asiione. Kila baada ya muda aligeuka akaiona.

"Dada, dari sina kazi nayo," mdogo wake akasema saa sita mchana. "Niinamie nikuone wewe."

Akasimama, akamwinamia, uso juu ya uso. Ilikuwa mara ya kwanza tangu utotoni kutazamana karibu namna ile, maana kwa miaka yote dada alikuwa na desturi ya kuongea naye akiangalia pembeni.

"Unaniona?"

"Nakuona."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka puani. Mdomo sina. Unaongea bila mdomo," akasema, akajaribu kucheka. "Umezeeka, dada."

"Mwenyewe mzee."

Akaanza kumsimulia. Alisimulia chochote kilichomjia: mteja aliyeleta kitambaa cha gauni akataka suruali mbili, jirani aliyepaka nyumba rangi ya kijani akajuta, siku mama alipowakuta juu ya paa. Alisimulia na ile ya manati, yote, kopo lilikuwa la nini na mkono wake ulivyoachia, na mdogo wake akasikiliza bila kumkatiza. Mgongo ulimuuma kwa kuinama. Hakujinyoosha.

Saa nane akamuuliza tena, "Mpaka wapi?"

"Mpaka machoni."

"Yote mawili?"

"Yote mawili. Usilie, unanidondoshea."

Akayafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kwenye korido kulikuwa na kigari cha dawa kinasukumwa, gurudumu moja linalia. Kikapita, kikaenda zake. Akaendelea kusimulia, sasa kwa haraka, kama mtu anayewahi kitu, na saa ya ukutani nyuma yake ikafika tisa, ikaipita.

"Unaniona?" akauliza.

Jicho lilikuwa limefunguka, limeelekea usoni kwake barabara.

"Dada," akasema, "wewe endelea tu kuongea."